Mzigo wa Kuni Hujitwishi Mwenyewe

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali kule Mdandu, enzi za Mwingereza, nilipoachwa msituni na mzigo wangu wa kuni, mimi niliyejua kusoma Injili kuliko watoto wote wa kijiji. Tulia nikusimulie, mwanangu, maana umesema wanao utawafundisha mwenyewe nyumbani.

Mimi nilifundishwa na baba. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba, aliyesoma misheni, hakutaka nitoke uani bila yeye, eti nisije nikajifunza matusi. Alinifundisha jikoni, kwa mkaa juu ya ubao. Nikasoma kweli, sikudanganyi. Nilipofika miaka kama kumi akapata kazi ya barabara Makambako, akaniacha kwa bibi mzaa baba, kule Mdandu. Miguu ya bibi ilikuwa imechoka, kwa hiyo moto wake ulinitegemea mimi.

Basi nikafuatana na wasichana wenzangu kwenda kuni. Mzigo ule huwezi kujitwisha peke yako. Lazima mwenzako akuinulie. Kwa kuwa nilikuwa mgeni, wakanitwisha wa kwanza. Unajua nilifanya nini? Nikaondoka zangu bila kumtwisha yeyote, tena mbiombio! Nyumbani nilikwenda kuni na baba, na yeye ndiye aliyenitwisha siku zote, na baba hakungoja kutwishwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi hata hilo kanda sikuliona.

Jumamosi iliyofuata, ndiyo hiyo ninayokuambia, wakatwishana wao kwa wao, wakateremka kilima wakicheka. Nikabaki kwenye ukungu. Nililia, nikauburuta mzigo mpaka kamba ikakatika, nikafika na vijiti vya kushika mkononi. Bibi alitetemeka kwa baridi usiku kucha, na mimi nikaona aibu.

Lakini kiburi hakifi upesi. Asubuhi nikaanza kuwashtaki wale wasichana: wabaya, wajinga, hata kusoma hawajui. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako amekufundisha kitabu, namshukuru," akasema. "Kuishi na watu hakukufundisha, kwa sababu hilo hafundishi mtu mmoja. Jumamosi rudi. Watwishe wote, wewe uwe wa mwisho."

"Na mimi atanitwisha nani?"

"Sijui. Nenda."

Nikaenda, roho mkononi. Nikawatwisha wote watano, nikaanza na Rabeka, mkubwa wao. Wakashika njia, mmoja baada ya mwingine, nami nikasimama pale nimekwisha. Mara Rabeka akageuka. Akarudi na mzigo wake kichwani, akakunja magoti taratibu, akashika ncha ya mzigo wangu.

"Haya, inama," akasema.

Hadi leo sijasahau.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini hata aliyefunzwa na mamaye, ulimwengu una zamu yake. Wafundishe wanao asubuhi, mchana wafungulie mlango. Watumwe pamoja na watoto wa jirani, wakale kwa watu, washindwe mchezo. Wakigombana usikimbilie kuamua. Ngoja uone kama watapatana. Watarudi na matusi mawili matatu, najua, hayo utayafuta.

Nenda na baraka zangu. Mungu awape wanao akili, na awape watu.