Mama mkwe alianguka bafuni nikiwa hatua tano tu, na sheria ikasema sina kosa

Salamu wakuu, wazee kwa vijana.

Hapa mimi ni msomaji wa miaka mingi, kuandika sijawahi. Haya ninayosema leo hayana chumvi. Kama ningekuwa natunga, ningejipatia sehemu nzuri kuliko hii niliyo nayo.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama unaweza kufungwa kwa jambo ambalo hukufanya. Si kusingiziwa. Alimaanisha kukaa tu, mikono mfukoni, na mtu afe. Wengi mkamcheka mkamwambia arudi shule.

Mimi sikucheka. Nilifunga simu nikaenda kukaa nje.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi, upande wa Khwisero. Nilikuwa nyapara wa kikosi cha wakata miwa, kijana mwenye nguvu na mdomo mwingi. Mke wangu ni Mama Ayuma. Ayuma mwenyewe alikuwa hajafika miaka miwili.

Sasa, kwa wale wasiojua mambo ya kwetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Akija njiani unaingia kwenye miwa mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na ni heshima nzito. Ukimwona mwili wake, hiyo si aibu yako peke yako. Tuliambiwa watoto wako ndio watalipa.

Vijana wa siku hizi mnapigana hug na mama wakwe kwenye picha. Sawa, ni yenu. Mimi nasema ya wakati wetu.

Mama mkwe wangu alianza kuumwa miguu, na presha juu yake. Ndugu za mke wangu walikuwa wawili, mmoja Nairobi, mwingine analima mahindi Lugari. Mama akakataa kwenda mbali. Ndio mke wangu akaniomba tumlete kwetu.

Kwa mila, mama mkwe halali kwa mkwe wake. Nikatafuta njia. Nikamjengea kanyumba kake mwisho wa boma, nyuma ya ndizi, mlango ukitazama upande wa pili. Bafu ya magunia nikamwekea kando yake. Wazee wakaja, wakaangalia, wakasema hapo hakuna ubaya.

Tuliishi hivyo miezi kama minane. Nilimjua kwa sauti. Asubuhi alinisalimia akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni, “Baba Ayuma, uliamka?” na mimi nikamjibu nikiwa upande wangu. Nikiimba nyimbo za kanisa nikinoa panga, alicheka kwa sababu siwezi kuimba. Akiwa jikoni na mke wangu wakipika obusuma, yaani ugali, alikuwanga anasema, “Mpelekee baba Ayuma hiyo ya juu, ingali moto.”

Nilimpenda yule mama. Nataka mjue hivyo kabla ya yanayofuata.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Ukataji ulikuwa umesimama, tunangoja trekta, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Majirani karibu wote walikuwa wamevuka mto kwenda kwa mazishi. Mke wangu akajifunga mtoto mgongoni, akachukua kikapu.

Akasema, “Nakuachia mama. Hakulala vizuri. Ukisikia ananiita, kimbia unifuate.”

Nikasema sawa.

Wakuu, hilo neno nimelitafuna miaka yote hii.

Saa nne hivi nilisikia maji yanamwagika, halafu kitu kizito kikaanguka. Nikaenda mpaka kwenye ndizi nikasimama. Kutoka pale hadi magunia ya bafu ni hatua tano. Nimezipima baadaye, mara nyingi.

Nikauliza, “Mama, ni salama?”

Akajibu polepole, kama mtu mwenye chakula mdomoni. “Nimeanguka. Mguu umekataa. Usikuje, baba. Usikuje hapa. Niko vibaya. Niitie mtoto wangu.”

Niko vibaya, maana yake hakuwa na nguo.

Nikavua koti langu, nikageuza uso, nikalitupa juu ya magunia liangukie ndani. Nikamwambia ajifunike. Akasema mkono mmoja hausikii.

Mtu mwenye akili angefumba macho akaingia. Au angekimbia sokoni. Mimi nilifikiria kukimbia, nikaogopa kumwacha peke yake. Nikafikiria kuingia, nikamfikiria Ayuma wangu. Nikakaa chini, mgongo nimempa, nikawa namwongelesha. Nikamwambia mtoto wake yuko njiani, anakaribia. Sikuwa na hakika ya hilo.

Halafu akapita Mzee Shiundu kwenye njia ya pembeni, na baiskeli yake. Huyu ni jirani, tena bibi yake, mwanamke ambaye angeweza kuingia, alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo, hakuenda mazishi. Mwendo wa dakika tano. Akanikuta nimekaa chini ya ndizi bila koti.

Akauliza, “Kijana, mbona hapo? Kuna nini?”

Nikasema, “Salama tu mzee. Napumzika.”

Akaenda zake.

Msiniulize kwa nini. Najua kwa nini. Niliona haya kumwambia mwanaume mwingine kwamba mama mkwe wangu amelala uchi hapo nyuma yangu na nimeketi karibu naye. Nilidhani nalinda heshima yake. Nilikuwa nalinda yangu.

Baada ya hapo sauti yake ilizidi kupungua. Akawa ananijibu “mm” tu. Halafu hata hiyo ikaisha. Nikajiambia amesinzia.

Mke wangu alirudi karibu saa saba. Aliniona nilivyokaa akatupa kikapu. Akaingia kwenye magunia na mtoto mgongoni, na kile kilio alichotoa sitakiandika hapa.

Mama alikuwa bado anapumua. Tukapata pikapu ya mtu wa sokoni, mke wangu akampakata mamake huko nyuma, mimi mbele na dereva kwa sababu hata hapo mila ilikuwa ingali inanishika. Alikata roho kabla hatujafika hospitali ya misheni.

Daktari alisema damu ilivujia kichwani. Akasema angeletwa mapema wangejaribu. Hakusema angepona. Alisema wangejaribu.

Kwa matanga, Mzee Shiundu akasema alichoona. Hakuwa na ubaya, alikuwa anahuzunika tu kwamba alipita pale asijue. Lakini shemeji zangu wakasikia. Yule wa Lugari akanijia mbele ya watu akaniuliza, “Ulimwambia mzee ni salama?” Kesho yake nilikuwa stesheni ya polisi.

Mzee mmoja wa kanisa akanitafutia wakili kutoka Kakamega mjini, kijana mwembamba, mpole. Tulikaa naye kwenye benchi nikamweleza yote, hata ya koti.

Akaniambia hii sheria tuliachiwa na Waingereza, na wao wana mawazo yao. “Ukipita mtoni umkute mtu usiyemjua anazama kwenye maji ya magoti, ukikaa hapo ukule mahindi ukimwangalia mpaka afe, sheria haikushiki. Mungu ndiye atakuuliza. Lakini akiwa ni mtoto wako, au wewe ndiye ulimsukuma, au ni mtu uliyekubali kumtunza na hajiwezi, basi kukaa kwako ni sawa na mkono wako.”

Nikamwuliza mimi niko wapi hapo.

Akasema, “Mkwe si mtoto wako. Mila yenyewe inasema usimguse. Na mwenyewe alikukataza kuingia. Yule mzee wa baiskeli atatusumbua, lakini swali kubwa ni moja. Hiyo asubuhi, nani alikuwa amekubali kumwangalia?”

Nikamwambia mke wangu aliniachia, nikasema sawa.

Akaweka kalamu chini. “Nani mwingine alisikia ukisema hivyo?”

“Mke wangu tu. Na mama mwenyewe.”

Akasema, “Basi tungoje tuone mke wako ataandikisha nini.”

Nilikuwa kwenye kile chumba cha mahabusu karibu na kaunta. Mlango ulikuwa wa mbao, na juu yake pameachwa wazi pa hewa. Kila kitu cha kaunta kilisikika ndani.

Mke wangu akaja kuandika statement siku ya pili. Nilimjua kwa kikohozi cha Ayuma.

Ofisa akamwuliza, “Ulipotoka kwenda soko, ulimwachia nani huyo mama?”

Akasema, “Sikumwachia mtu.”

“Bwana yako?”

“Bwana yangu hakuwa nyumbani nikitoka. Alikuwa kwa mashamba ya miwa.”

Ofisa akacheka. Akamwambia, “Mama, unaelewa unachosema? Wewe ndiye ulikuwa unamtunza. Unaniambia ulimwacha mgonjwa peke yake ukaenda kununua nyanya. Hiyo inakurudia wewe.”

Akajibu, “Andika hivyo.”

Wakuu, mlango ulikuwa hapo. Nilikuwa nimesimama, kiganja kwenye mbao. Kilichohitajika ni niseme kwa sauti, “Aliniachia mimi.” Maneno mawili. Hakuna mila ya kukataza hayo. Hapakuwa na uchi wa mtu hapo wala mkosi wa mtoto. Palikuwa na woga wangu tu.

Nikakaa chini.

Wakamweka kwenye benchi la kaunta mpaka jioni, na mtoto mgonjwa wa kifua, mwanamke aliyetoka kumzika mamake juzi. Walikuwa wanabishana kama wamfungulie kesi. Nilimsikia akimbembeleza Ayuma. Nilisikia akiomba maji. Wakampa, nashukuru.

Mwishowe walimwachilia. Mimi nilikaa siku nyingine tatu, wakaniachilia pia. Faili ilipelekwa kwa wakubwa ikarudi na jibu kwamba hakuna kesi ya kumshika mtu yeyote. Wakili akanipa mkono akasema nimebahatika. Shemeji wa Lugari hajakanyaga kwangu mpaka leo, na simlaumu.

Kwa hiyo kwa sheria mimi ni msafi kabisa. Ukitafuta jina langu hutalipata mahali.

Mke wangu hakuniacha. Wazee walifanya ya kufanywa, tukasafishwa, kanyumba kakabomolewa, tukaendelea. Tulipata watoto wengine wawili. Hajawahi kunitukana kwa hilo jambo, hata siku tumekosana vibaya.

Ila kuna kitu kimoja. Tangu siku hiyo hajawahi kuniachia mtu.

Akienda sokoni, nikiwa nimekaa hapo nyumbani mzima, alikuwa anambeba mtoto, au anampeleka kwa bibi ya Mzee Shiundu. Watoto wote watatu wamekua hivyo. Hakuwa anafanya kwa hasira. Ananiaga vizuri, ananiachia chai kwenye chupa, halafu anawachukua. Ayuma akiwa darasa la pili aliniuliza, “Baba, kwani wewe hujui kukaa na sisi?” Nikamwambia nimechoka na kazi. Naye akaamini, alikuwa mdogo.

Wale wanasheria wa humu, najua mtaleta vifungu. Leteni tu. Lakini nilichojifunza ni kwamba sheria inauliza kama ulikuwa na wajibu, na kuna watu ambao hawahitaji kuuliza. Wanaona tu ulikaa wapi. Na kwa wale walio na mila kama zetu, tafadhali, kaeni chini na wakwe zenu mkiwa wazima mwongee. Mwambiane, siku nikianguka, ingia. Yule mama angenikubalia, nina hakika, kama ningemwuliza siku ya kawaida kupitia ukuta wa jikoni.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka tangu nianze kuandika.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi, Mama Ayuma akaanza mwenyewe kusema mambo ya ile stesheni. Akaniambia, “Kitu kimoja kilinifariji. Nilijua ungesikia wananilaumu, ungesema ukweli ukafungwa, na mtoto angekosa baba. Ni vizuri walikuwa wamekufungia huko nyuma, mbali.”

Alikuwa ananihurumia. Miaka yote hiyo aliamini sikuwa karibu.

Nikaendelea kupukuchua. Sikumrekebisha.

Leo nimewaambia nyinyi, watu nisiowajua hata majina, kabla ya kumwambia yeye. Yuko ndani sasa, anakohoa kidogo, baridi ya hizi siku. Nimeandika huu uzi tangu adhuhuri na sijainuka.

Mnaotaka kunitukana, nafasi ni yenu, sitajibu kwa ubaya. Lakini kama kuna mtu humu aliwahi kunyamaza hivi, halafu siku moja akaingia ndani akasema, anieleze alianza na neno gani.