Gemu Mbili Uwanja Mmoja

Nililetwa Bariadi kwa treni na kwa basi, na njia nzima baba hakuniambia kwamba angeniacha huko. Kutoka Kigoma treni ilitufikisha Tabora, tukalala stesheni juu ya mizigo yetu, kisha tukapanda nyingine mpaka Shinyanga. Kutoka hapo basi likaanza kula vumbi. Tulipita Maswa nikiwa nimelaza kichwa dirishani, na kila tulipopishana na lori la pamba nyuzi nyeupe zilipeperuka zikanasa kwenye miiba ya barabarani. Baba alinunua mahindi ya kuchoma, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Baba yangu hakuwa mtu wa kukata kipande kikubwa bila sababu.

Mama alikuwa amefariki, na baba alifuata kazi za barabara kila zilikokwenda. Bibi, mama yake baba, sikuwa nimewahi kumwona. Alitupokea uani, akanishika uso kwa mikono miwili na kusema maneno mengi ya Kisukuma. Nikamwangalia baba anitafsirie. Baba alikuwa ameshageuka kutazama ng'ombe. Baada ya siku chache aliondoka.

Haya yote nimekumbushwa juzi tu. Siku hizi niko Makambako, nimepanga chumba nyuma ya kibanda cha gemu, na jioni nasikia vijana wakibishana. Huyu anasema mashine yake ndiyo baba lao, yule anasema hiyo ni ya watoto wa mama. Kisha wanaingia kwenye siasa: kwamba gemu za siku hizi zinahubiri, zinachagua upande. Juzi mmoja alipaza sauti: "Zamani gemu ilikuwa gemu tu, haina siasa!" Nikaacha chai yangu ipoe. Ningependa kumweleza, lakini kijana wa watu hajaniuliza. Basi nakueleza wewe.

Maisha kwa bibi yalikuwa mazuri, nami nilikuwa mpweke. Asubuhi nilikunywa uji wa mtama wenye ukwaju. Kiangazi tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vinalia mdomoni kama kuni kavu. Nilichota maji, nilichuma pamba mpaka ncha za vidole zikachanika kwa vikonyo vyake. Bibi alijua Kiswahili cha kununulia chumvi na cha kusalia kanisani, basi. Wakubwa waliniamkia "Mwangaluka", nami nikajibu "Shikamoo", wakacheka kwa upole. Shuleni waliniita Mswahili. Hawakuwa na ubaya. Kengele ya mapumziko ikilia, walikimbia wakiitana kwa Kisukuma, na mimi nilibaki na Kiswahili changu kizuri ambacho hakikuwa na wa kukijibu.

Mtu mmoja tu alinijibu: mtoto wa jirani. Kati ya boma la bibi na la kwao palikuwa na ua wa minyaa, na katikati ya ua kipenyo walichopitia kuku, mbuzi na yeye. Siku moja alipenya, akanikuta nimekaa juu ya kinu, akasema, "Wewe Mswahili, unajua gemu?" Nikamwambia sijui. "Twende. Kule hawaongei."

Kweli kule hawakuongea, maana yake hawakuhitaji kuongea. Lilikuwa banda la mabati karibu na soko, lenye jenereta nyuma, televisheni moja na mashine ya kaseti, zile kaseti nene unazozipuliza kabla ya kuzichomeka. Mwenye banda aliwahi kuchimba dhahabu, akarudi na mashine ile badala ya dhahabu. Sheria yake ilikuwa moja: mshindi anabaki. Mimi na mtoto wa jirani tulicheza upande mmoja, yeye pedi yake, mimi yangu, na ndani ya wiki chache hakuna aliyetutoa kirahisi. Nikimwona anasogea kushoto, nilijua anataka niende kulia. Sijawahi tena kuelewana na mtu namna ile. Tulikuwa na harufu ya petroli na vumbi, magoti yetu yamegusana, na kwa saa ile sikuwa Mswahili wa mtu yeyote.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa banda la pili. Hilo lilikuwa na mashine ya sidii.

Mabishano yakaanza sokoni, yakapanda hadi kisimani, yakaingia darasani.

"Kaseti yenu, watu wake hawana hata vidole!"

"Vidole vya nini? Mpira unachezwa kwa miguu."

"Sidii ina majani uwanjani, unayaona moja moja."

"Wewe unacheza au unachunga? Na ikipata mkwaruzo kidogo tu, inaganda kama ng'ombe kwenye tope."

"Na yenu mpaka muipulize kama moto wa kuni mbichi!"

Kwingine mabishano hayo yangebaki ya watoto. Usukumani, vitu viwili vikishindana, watu wazima wanajua cha kufanya. Ngoma zetu za baada ya mavuno zina vyama viwili vya tangu zamani, Wagika na Wagalu. Hupiga ngoma siku moja, uwanja mmoja, huku na huku, na hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji: upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda. Na anayetaka kuvuta watu hategemei miguu yake peke yake. Kuna dawa za mvuto hunyunyizwa kwenye ngoma. Haikupita muda, soko zima likawa linaliita banda la kaseti Wagika na la sidii Wagalu. Wazee ambao hawajawahi kushika pedi wakawa na upande.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Mgombea mmoja akaona banda la sidii linajaa, akaanza kulijazia petroli ya jenereta. Banda likapakwa rangi za chama chake, na kabla ya mchezo kuanza watoto walitakiwa kulitaja jina lake kwa sauti. Baba wa rafiki yangu alikuwa mpiga debe wa chama kingine. Akapiga marufuku: mwanawe asikanyage kule. "Siasa ibaki kwenye mikutano," alisema akiwa amevaa fulana ya chama chake kuanzia asubuhi. Mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alituambia darasani, "Mnadhani siasa imeingia kwenye burudani leo? Ngoma imeimba lini bila kumsifu aliyetoa ng'ombe?" Tulicheka. Mimi sikujali chama wala rangi. Nilichojali ni kwamba banda la kaseti libaki wazi, maana nje ya pale mimi na yeye hatukuwa na mahali pa kuelewana hivyo.

Wenye mabanda walipokaribia kushikana mashati, wakulima waliokuwa wakisubiri kupima pamba wakasema: kama ni ngoma, ziletwe uwanjani. Ikawa hivyo. Mchana wa siku ya soko, televisheni mbili zikawekwa kwenye uwanja wa ngoma, kila moja chini ya turubai ili jua lisiue picha, jenereta mbili zikinguruma. Mimi na mtoto wa jirani ndio tulioteuliwa kucheza upande wa kaseti.

Mwanzoni tulivuta watu sisi. Hata leo nasikia vicheko vyao. Bibi mmoja mwenye kikapu cha dagaa alisimama nyuma yetu akauliza, "Huyu mwekundu anayeanguka anguka ni mtoto wa nani?" Akaambiwa si mtoto wa mtu, yumo ndani ya mashine. "Basi mama yake anateseka," akasema, na watu wakazidi kusogea. Rafiki yangu alinipiga kiwiko bila kutoa macho kwenye kioo. Nilijua maana yake: tunashinda.

Kisha likaja lori la mgombea, vipaza sauti juu ya kabini, likasimama upande wa sidii. Wakaanza kurusha khanga. Ukiona umati unageuka namna ile, utadhani umevutwa kwa kamba. Nyuma yetu pakabaki mbwa na watoto wadogo.

Mwenye banda letu alisogea mbele ya televisheni. Akatoa kibuyu kidogo kwenye koti. Alikuwa amekwenda mbali, upande wa Meatu, kutafuta dawa ya mvuto, na mganga alimwelekeza kama anavyowaelekeza wapiga ngoma wote: nyunyiza kwenye ngoma yenyewe, wakati inalia. Basi akanyunyizia. Akanyunyizia televisheni, kisha akaimimina iliyobaki juu ya mashine, pale kwenye tundu la kaseti.

Mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Moshi ukatoka, wenye harufu ya mizizi na plastiki, na kioo kikawa cheusi. Na kweli dawa ilivuta: watu wote walirudi upande wetu wakikimbia, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenye banda alikuwa ameshika kibuyu kitupu, anakitazama ndani.

Katika umati ule alikuja bibi yangu, amejitanda khanga mpya ya mgombea, amefurahi kwa sababu ni kitambaa kizuri. Jirani yetu alimwona. Akaangalia khanga, akaniangalia mimi, akamwangalia mwanawe aliyekaa bega kwa bega nami, pedi bado mkononi.

"Inuka!" alimwambia mwanawe. "Unacheza na nyumba iliyonunuliwa kwa khanga?"

"Khanga ni nguo, baba," bibi akasema kwa Kiswahili chake cha kununulia chumvi. "Na hiyo fulana yako uliichuma shambani?"

Watu wakaangua kicheko kipya. Kicheko hicho ndicho kilichotumaliza. Jirani angeweza kuvumilia khanga. Kuchekwa uwanjani hakuweza. Alimshika mwanawe mkono, wakaondoka, na rafiki yangu hakugeuka. Jioni tulisikia panga likikata matawi. Kipenyo cha kwenye minyaa kilikuwa kimezibwa kwa miiba.

Uchaguzi ukapita. Petroli ya mgombea ikakoma, banda la sidii likafungwa, rangi zikabanduka. Wakubwa walipatana upesi: ukatokea msiba, wakachimba kaburi pamoja, na msimu wa kulima jirani akaja kuazima plau kwa bibi, wakaketi wakicheka habari za kibuyu. Miiba ya kipenyoni ikakauka, ikaanguka yenyewe. Kuku wakaanza kupita tena, na mbuzi. Sisi wawili hatukuwa na msiba wa kutukutanisha wala plau ya kuazimana. Nilikuwa nikikutana naye njiani, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Kisha siku moja nikamwuliza bibi mbona simwoni, akasema amepelekwa Bukundi kwa mjomba wake, kuchunga.

Miaka iliyofuata nilijifunza Kisukuma. Nilikifundishwa na bibi tukiwa tunang'oa masalia ya pamba na kuyachoma, moshi ukituingia machoni. Nilijifunza kuamkia, kutania, kulalamika juu ya mvua. Ningeweza sasa kuongea na darasa zima, na niliongea. Lakini mtu niliyetaka kumwambia neno alikuwa na ng'ombe nyikani.

Nilipita Bariadi si zamani sana. Boma la bibi limegawanywa viwanja, minyaa imeng'olewa, pamejengwa ukuta wa matofali. Uwanja wa ngoma una maduka. Nilimwona kijana amekaa kibarazani anacheza mpira kwenye simu, peke yake, dhidi ya mtu ambaye labda yuko nchi nyingine. Alikuwa anashinda. Hapakuwa na mtu wa kumpiga kiwiko. Sikumwuliza kama gemu yake ina siasa. Siasa ile ya kwetu ilituumiza, lakini ilikuja kwa sababu watu walikuwa wamesimama pamoja mahali pamoja, na watu wakisimama pamoja mtu atakuja kuwagombea. Sasa hakuna uwanja wa kugombewa. Sijui kama hiyo ni nafuu.

Siku niliyoondoka kwa bibi, miaka ile, baba alinifuata, amezeeka, ili anipeleke sekondari karibu na kazi zake mpya. Bibi hakuja stendi. Alisema miguu, na mimi nilijua si miguu. Basi lilikuwa linapakia magunia ya mpunga juu. Nikageuka, nikamwona mtoto wa jirani amesimama kando ya gurudumu la nyuma, mrefu, ana fimbo ya kuchungia, vumbi la safari mpaka magotini. Alikuwa ametoka Bukundi. Sikuwahi kujua kama alikuja kwa ajili yangu au alikuja kununua dawa ya ng'ombe.

"Mwangaluka," nikamwambia, na nikaendelea kwa Kisukuma, nikamwuliza habari za nyikani, za mjomba, za mvua. Alinisikiliza akiwa ameduwaa. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Huko unakokwenda wanaongea nini?"

"Kiswahili."

Akatikisa kichwa, akakwangua tope la gurudumu kwa ncha ya fimbo.

"Basi utapata watu," akasema.

Kondakta akapiga bati. Nilipanda, na kwa kuwa baba alikuwa amekaa dirishani, sikuona zaidi ya ncha ya ile fimbo, mpaka basi lilipokunja kona.