Kinubi Kilichoitikia Ukutani

Wiki iliyopita, nikishuka ngazi za kituo cha treni cha Stratford, London, nilisikia gitaa. Kijana mmoja alikuwa akilipiga bila haraka, dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikijibu juu, na miguu yangu ikagoma kuendelea. Nimeishi miji sita, sikai mahali nikatulia, lakini upigaji ule ulinirudisha moja kwa moja Edmonton, kaskazini mwa jiji hilo hilo, katika nyumba iliyokuwa chini ya yetu, nikiwa msichana wa miaka kumi.

Mama alikuwa akihudumia wazee na kurudi saa moja jioni. "Ukitoka shule nenda kwa Anko Yaw, na usimchokonoe," aliniambia kila asubuhi. Anko Yaw, jirani yetu wa chini, alikuwa Mghana wa Kumasi, na chumba chake kilinukia mafuta ya mawese. Ukutani alitundika seprewa, kinubi cha kwao: sanduku la mbao lililowambwa ngozi, shingo ndefu, nyuzi kumi. Kilikuwa cha kaka yake, Kwaku, aliyefariki Kumasi mwaka uliotangulia. Anko Yaw hakwenda kuzika. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika, na angetoka asingeweza kurudi.

Basi akajipa kazi ya kuzihamisha nyimbo za kinubi kile kwenye gitaa la umeme, ziende na besi na ngoma za bendi yake. Wimbo mmoja ulikuwa wa kuwaaga wafu: sehemu ya kwanza humwita marehemu kwa jina, ya pili humwambia aende salama. Bendi ilitakiwa iupige mtaa wa Kilburn, ndugu watakapokusanyika kumkumbuka Kwaku kwa kutimiza mwaka. Lakini kila Jumapili kwenye mazoezi, Anko Yaw aliishia kwenye kuita.

"Yaw, mwezi mzima tunaita mtu," mpiga besi alimtania. "Akija tutamkalisha wapi?"

Wote walicheka. Anko Yaw alijifanya anafuta gitaa.

Siku chache kabla ya shughuli, alinifundisha sehemu ile ya kwanza kwenye gitaa. Nilipotaka ya pili akasema inatosha, akaenda dukani kununua mkate. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na giza la Novemba lilikuwa limeshajaa dirishani. Nikapiga peke yangu. Nikaacha. Nyuma yangu sauti ikaendelea, nyembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nikapiga tena, safari hii nimeweka sikio karibu na ukuta, na kinubi kikaitikia. Niliigusa ngozi yake. Ilikuwa ikitetemeka kama koo. Sijui kwa nini nilipiga mara ya tatu. Nadhani niliona vibaya kumwacha Kwaku anaongea peke yake.

Anko Yaw alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake.

"Anaitika," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa mbona humwambii aende? Umemwita, halafu umemwacha amesimama tu."

Aliuweka mkate mezani, nikajua nimechokonoa. Kisha akaketi, akachukua gitaa, akapiga sehemu ya pili mpaka mwisho. Kwa kila noti, kinubi kilivuma ukutani. Alipomaliza alikitungua, akazilegeza nyuzi zake moja moja, na kila moja ilishuka kwa mguno hadi ikanyamaza. Akanikatia mkate, akanipakia siagi nyingi mno.

Jumamosi ile waliupiga wimbo mzima. Watu waliovaa nyeusi na nyeupe walicheza huku wakilia, na mpiga besi hakuwa na utani.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba nilisikia mzimu. Halafu, katika mji mwingine, fundi wa magitaa akanieleza kwamba nyuzi zilizolinganishwa sauti huamshana bila kuguswa. Nilifarijika, lakini si kwa muda mrefu, maana aliongeza kuwa nyuzi za kinubi cha namna ile hulegea upesi. Ukikiacha siku mbili hakilingani tena na chochote.

Kwa hiyo mwaka mzima, kila siku kabla sijafika, Anko Yaw alikuwa akizikaza nyuzi zote kumi zilingane na gitaa lake, kisha anakitundika kinubi ukutani, anaketi, na kumwita kaka yake.