Kabla ya Kukandwa Mgongo

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama kwanza miguu yangu. Jana uliponionyesha kwenye simu yule mtaalamu anayenyoosha migongo ya watu kwa mikono, ukaniuliza kama uende kwake kwa ajili ya hiyo shingo inayokuuma kwa kuinamia vitenge dukani kutwa, siku hiyo ikanirudia. Nakujibu sasa, na uniruhusu nianzie mbali kidogo.

Nilikuwa mbeba mizigo Kariakoo, na nilikuwa na sifa. Marobota ya mitumba ambayo wenzangu waliyabeba wawili wawili, mimi niliyabeba peke yangu, tena nikipiga mluzi. Usinicheke, na wewe una ya kwako. Kazi ikipungua baada ya alasiri tulikuwa na desturi yetu: tunatandika maboksi nyuma ya stoo, mtu analala kifudifudi, na Salumu, mwepesi kuliko sote, anatembea taratibu juu ya mgongo wake. Mfupa ukilia, tunashangilia. Mara nyingi kweli tuliinuka wepesi.

Kisha mguu wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Sikumwambia mtu. Mbeba mizigo akisema mguu hausikii, kesho robota lake anapewa mwingine, na mimi sifa yangu niliipenda kuliko mguu. Nikawa namwambia Salumu akanyage kwa nguvu zaidi. Ganzi ikazidi kushuka, kutoka pajani hadi kwenye unyayo.

Ndipo nikaenda Magomeni kwa Bi Mwanaidi, mkandaji ambaye nusu ya wabeba mizigo wa Kariakoo walikuwa wamepita mikononi mwake. Nilimwamkia, akaniitikia, akatandika mkeka, akaanza kuniuliza naumwa wapi, tangu lini, kama nimeanguka, kama miguu ina nguvu. Nikamjibu kwamba miguu ni mizima, mgongo tu ndio umekaza. Nilitaka mikono yake, sikutaka maswali yake. Akamimina mafuta kiganjani, kisha akatazama mlangoni.

"Ndara yako nyingine iko wapi?"

Nikageuka. Mlangoni palikuwa na ndara moja. Nyingine ilinichomoka huko njiani, sijui wapi, na nilikuwa nimetembea na mguu mmoja peku juu ya kokoto na lami ya moto bila kujua. Unyayo ulikuwa umechanika, unatoa damu kwenye mkeka wake. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale.

Bi Mwanaidi akafuta mafuta kwa kanga yake. "Mikono yangu inajua misuli iliyochoka," akasema. "Mguu usiosikia chini si kazi yangu. Na wewe umenidanganya ndani ya nyumba yangu."

Hakunigusa. Akavaa buibui, akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alinieleza kwamba gegedu kati ya pingili za uti wa mgongo limechomoza na kubana mshipa wa fahamu, na kwamba kwa mwendo ule wa kukanyagwa ningeweza nisitembee tena. Nilikaa nyumbani miezi, nikifanya mazoezi ya kitoto kabisa. Baadaye daktari akaruhusu nikandwe, na aliyenikanda ni Bi Mwanaidi yuleyule. Vidole viwili vya mguu huu havijasikia kitu mpaka leo.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, sikukatazi. Mikono iliyosomea kazi yake inaweza kukulegeza shingo ukashukuru. Ila ukikuta anayesema mikono yake inatibu kila kitu, vaa viatu uondoke. Anayekulaza kabla ya kukuuliza, muogope pia. Na akikuuliza, usimfiche. Kama mkono unakufa ganzi, kama unashikwa na kizunguzungu, kama kitu kinakuponyoka kiganjani, sema, hata ukiona aibu, na hayo ayaone daktari kwanza. Halafu hiyo meza ya kukatia vitambaa iinueni, maana hakuna mikono itakayokunyoosha ikiwa kesho unarudi kujikunja palepale.

Mwenyezi Mungu akujalie uzee wa kusimama wima, akupe ulimi wa kusema panapouma, na asikunyime mtu wa kutazama viatu vyako mlangoni.