Sauti Kwenye Santuri Ndogo ya Kibwezi

Sauti ile ni yangu. Nimelikana jambo hili mbele ya wanafunzi wenzangu wa chuo kikuu, mbele ya mume wangu, mbele ya kijana mmoja mkusanyaji wa santuri aliyekuja nyumbani na viatu vyeupe na maswali mengi, na zaidi ya wote, mbele ya mama yangu. Lakini ukiipata ile santuri ndogo ya roki nzito iliyorekodiwa Kibwezi miaka ya sabini, ukaigeuza upande wa pili, yule msichana anayelia kama mbuzi aliyesahauliwa nje wakati wa mvua ni mimi.

Wapigaji walikuwa vijana wanne, na wakusanyaji wa siku hizi huwaita kundi la chini kwa chini, kana kwamba walikuwa wamejificha. Hawakujificha hata kidogo. Walipiga kwa kishindo kilichowafanya kuku wa upande ule wa barabara ya Mombasa wasahau kutaga. Ni vile tu hakuna aliyewataka. Redio haikuwataka, na baa ziliwaalika, kila moja, mara moja tu.

Umeme wao ulitoka kwenye jenereta ya kinu cha kusaga mahindi, na kinu kile kilipumzika Jumapili asubuhi tu, watu wakiwa kanisani. Kwa hiyo roki nzito ya Kibwezi ilikuwa muziki wa saa ya ibada. Mimi nilikuwa nimekuja kwa shangazi yangu likizo ya shule. Nilimwambia kichwa kinaniuma, nikangoja kitambaa chake cheupe kipotelee nyuma ya ua wa mkonge, kisha nikaenda kukiponya kichwa changu kwa kelele.

Ninayokumbuka yananijia kama ndoto, na siyaamini yote. Nuru iliingia kwa matundu ya mabati, ikasimama wima ndani ya kinu kama vijiti. Kila besi ilipogonga, unga wa miaka mingi uliachia boriti ukashuka polepole, bila haraka, ukatua kwenye ngoma, kwenye nywele, kwenye kope. Wimbo wa kwanza ulipokwisha tulikuwa weupe sote, hatujuani. Mtu aliyetoka Nairobi na mashine ya kurekodi alikuwa ameifunika kwa koti lake, naye anapiga chafya.

“Wa pili hauna maneno,” mpiga besi akasema. Baadaye alikuja kuwa daktari wa mifugo, mtu wa heshima sana. “Dada, imba kitu.”

“Kitu gani?”

“Kitu cha kutisha. Si wewe ni mtu wa kwaya?”

“Kwaya haitishi.”

“Hiyo ni kwa sababu hujakaa upande wetu ukiwasikiliza,” akasema mpiga ngoma.

Nikakohoa kidogo, kama nilivyozoea kabla ya kuimba, na kilichotoka hakikuwa wimbo wa kwaya. Kilikuwa kilumi.

Kilumi ni ngoma ya wanawake wazee wa kwetu Ukambani, ya kuita mvua na kutuliza mizimu, na kanisa letu liliipiga marufuku kabla sijazaliwa. Nyanya yangu, mama yake mama, aliiimba hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, inayotoka mahali fulani nyuma ya mbavu. Mama, aliyeokoka mapema na kuongoza akina mama wa kanisa, alikuwa akifunga dirisha kila mama yake alipoanza kuimba uani. Nyanya alikufa nikiwa shule ya msingi, na dirisha likabaki wazi tangu hapo, bila chochote cha kuingia.

Mimi nilipewa jina lake. Kwa desturi yetu, basi, mama aliniita “mwaitu”, yaani mama, tangu nikiwa mtoto mchanga. Desturi hii ilinisaidia sana. Ni vigumu kumchapa kiboko mtu unayemwita mama.

Santuri ilipotoka niliisikiliza mara moja, kwenye kinanda cha santuri cha mpiga gitaa, nikatamani ardhi inimeze. Nyanya alikuwa ngurumo, mimi nilikuwa nzi ndani ya chupa. Nikawasihi wasiandike jina langu popote. Wakakubali haraka mno, jambo lililoniuma kidogo.

Ningeisahau, kama nakala moja isingesafiri na mfanyabiashara wa mbuzi hadi Tulia, sokoni kwetu, kule Kitui.

Pale Tulia kinanda cha santuri kilikuwa kimoja, cha mwenye duka la rejareja. Alikirithi kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akikitumia kwa santuri kubwa za mahubiri, ambazo huzunguka polepole. Kijiti cha kubadilisha mwendo kilikuwa kimevunjika zamani. Santuri ndogo huhitaji kukimbia. Kwenye kinanda kile zote zilitembea. Tulia nzima iliamini kwamba waimbaji wa Nairobi ni watu waliochoka. Na santuri ya Kibwezi, ambayo tayari ilikuwa nzito, ilipowekwa pale ikawa kama jiwe la kusagia linaloviringishwa na mtu mwenye usingizi. Sauti yangu nayo ikashuka, ikanenepa, ikazeeka.

Nilikuja likizo nikamkuta mama kwenye benchi la duka, kiondo anachosuka kikiwa mapajani. Vidole vyake, ambavyo sijawahi kuviona vikipumzika hata kwenye maombi, vilikuwa vimetulia.

“Mama wa kanisa, leo tena?” mwenye duka akamtania. “Pasta akikupata hapa, nitasema nini?”

“Nimekuja kununua chumvi.”

“Chumvi ya jana mmemaliza?”

“Wewe uza chumvi. Na urudishe hiyo sahani mwanzo.”

Akairudisha. Mvumo ukaanza, polepole, kama lori la mbali linalopanda kilima siku ya joto. Kisha ile sauti. Nilisimama na begi langu mkononi. Ilikuwa ya nyanya. Hata mimi niliyeiimba, niliisikia ni ya nyanya.

“Unamsikia?” mama akaniuliza bila kunitazama. “Ni mama yangu huyo. Hao vijana walimrekodi lini? Hakuniambia.” Kisha, kwa sauti ndogo, “Angeniambia vipi, na mimi nilikuwa nafunga dirisha.”

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni, “Anaimba vizuri.”

“Wewe unawajua hao watu wa Kibwezi?”

“Siwajui, mama.”

Mwanzoni nilikuwa nimekana kwa sababu ya aibu ya ule mlio wa mbuzi. Kuanzia siku ile nilikana kwa sababu nyingine. Ningesema ni mimi, mama angempoteza mama yake mara ya pili, na safari hii mwizi ningekuwa mimi. Kwa hiyo miaka ikapita na chumvi ikajaa nyumbani. Baba alikuwa akifungua kabati na kuuliza, “Kwani tunafuga ng’ombe gani hawa nisiowaona?”

Chuo kikuu nilikutana na mwenzetu mmoja aliyekuwa na ile santuri. Alitueleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba msichana yule wa upande wa pili alirukwa na akili akafa mtoni. Wengine wakanyamaza kwa huzuni. Nami nikanyamaza. Sio wengi wanaopata nafasi ya kukaa katika matanga yao wenyewe wakinywa chai.

Kisha, miaka ya tisini, nikiwa na kazi, watoto na miwani, kinanda cha Tulia kikafa kabisa. Mwenye duka, ambaye naye alikuwa amezeeka, akampa mama santuri iwe yake. Hakuwa na mahali pa kuipigia. Mtu pekee aliyekuwa na mashine nzima alikuwa pasta mpya. Sijui mama alimwambia nini pasta yule. Ninachojua ni kwamba simu ya ofisini kwangu Nairobi ililia mchana mmoja wa joto, nikasikia sauti yake, akipaza kama kawaida yake kwenye simu, ili maneno yafike.

“Mwaitu! Uko?”

“Niko, mama. Kuna shida?”

“Nimetoka kwa pasta. Mashine yake inakimbia. Nimemwambia airekebishe, anasema ndio mwendo wake, hata imeandikwa kwa sahani.”

Nikaweka kalamu chini.

“Sasa badala ya mama nasikia mtoto. Analia tu, huko juu, kama mbuzi.”

“Mama...”

“Na kabla ya kuanza anakohoa. Kidogo, hivi. Wewe ulikuwa unakohoa hivyo kwa kwaya ya watoto. Nilikuwa nakufinya.”

Nje ya dirisha la ofisi jiji lilikuwa likienda zake. Nilishika ile waya iliyojikunja ya simu nikaizungusha kwenye kidole hadi kidole kikafa ganzi.

“Ni mimi, mama,” nikasema.

Nilisikia upepo wa Tulia ndani ya simu, na kuku mahali fulani.

“Alikufundisha lini?” hatimaye akauliza. Hakupaza tena.

“Hakunifundisha. Ulipokuwa unafunga dirisha, mimi nilikuwa nimebaki nje.”

Nikasikia akivuta pumzi.

“Basi imba.”

“Sasa? Mama, niko ofisini. Kuna watu.”

“Hao watu ni akina nani? Imba.”

Nikakohoa kidogo. Nikaanza, na sauti yangu ya mwanamke mwenye miwani ikapanda juu, ikitetemeka, ikiharakisha kumaliza aibu. Mwenzangu wa meza ya pili akainua uso.

“Polepole,” mama akasema. “Mama hakuwa na haraka.”