Koti la Kaka Didier

Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi tunaozungumza Kiswahili chuoni kwetu, na Jumamosi nilijiaibisha. Tulipeleka nguo za baridi kwenye nyumba ya wazee, mtaa wa Bluff. Kaka Didier, Mkongomani aliyehitimu chuoni hapo zamani, alikuja kutusaidia kubeba maboksi. Jasho lilipomtoka akavua koti, akaliweka juu ya boksi. Mimi na kiherehere changu nikalichukua, nikamvisha mzee mmoja, tukapiga na picha.

Baadaye Kaka Didier akaniuliza, "Mdogo wangu, koti yangu iko wapi? Funguo ya gari iko ndani."

Nikamkimbilia yule mzee. Kabla sijafungua mdomo, akatoa funguo mfukoni, akaniuliza mbele ya watu wote kama na gari tumempa.