Mama na Mwalimu wa Kwenye Kompyuta

Mama yangu hakuiamini sauti isiyo na mwili, na alikuwa na sababu. Miaka ya tisini, tukikaa kijijini Chiola, baba mdogo alirudi kutoka Nachingwea na kanda ya kumfundishia mtoto Kiingereza nyumbani. Mwanamke wa kwenye kanda alikuwa anatamka neno, ananyamaza kidogo ili nirudie, kisha anasema, "Vizuri sana!" Nikarudia, nikasifiwa, kichwa kikavimba. Mama alikuwa pembeni anapepeta ufuta. Akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, na mwanamke akasema vizuri sana. Akaniambia nilie kama mbuzi. Nikalia, na mbuzi naye akafanya vizuri sana.

"Huyo ntu hakusikii," mama akasema. Akazima redio ya kaseti, akachomoa betri, akazitia kwenye tochi yake. Masomo yangu ya nyumbani yakaishia hapo.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa kidato cha pili, nilipata mimba na shule ikanitoa. Nikajifungua, nikarudi kushika jembe. Usiku nilisoma madaftari yangu ya zamani mpaka nikayachoka. Nilitaka kufanya mtihani wa maarifa, ule wa kuwarudisha walioachia shule njiani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila sikuwa na wa kunifundisha. Ndipo tukasikia kwamba Ruangwa kuna ukumbi wenye kompyuta, ambamo wazazi na watoto wanaosomea nyumbani wanakusanyika kuongea na mwalimu aliyeko Dar es Salaam kwa njia ya mtandao.

Neno la mwisho lilikuwa la mama, maana yeye ndiye angebaki na mtoto, na jembe langu juu yake. Hakukataa. Alisema atakuja asikilize mwenyewe, na mimi nikajua habari ndiyo hiyo, kwamba anakuja kukagua.

Tulipanda lori la ufuta hadi Ruangwa. Mtoto nilimpakata mwenyewe. Kabla ya kuketi, mama alizunguka nyuma ya meza ya kompyuta, akainama, akafuata waya kwa macho mpaka ukutani. Akafungua na mlango wa stoo. Mle kulikuwa na viti vibovu tu. Msimamizi wa ukumbi alimwuliza anatafuta nini. "Natafuta ntu," mama akajibu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu akatokea kwenye kioo. Mara picha yake ikaganda, mkono umeinuliwa na mdomo wazi, huku sauti ikiendelea yenyewe kwenye spika. Mama akanitupia jicho. Sauti ikatukaribisha, ikasema mwenyewe ni Mngoni wa Songea, ikawasifu wazazi kwa kuja. "Mmefanya vizuri sana," ikasema. Basi nikajua nimekwisha. Mama alikuwa tayari anafunga khanga yake kiunoni tuondoke.

Lakini alipopata zamu ya kuuliza, hakuuliza. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, akaona ampime kwa hilo. "Mtumwa wangu wewe," akakiambia kipaza sauti, "nani kakuruhusu ukae kwenye kiti?"

Kimya. Kimya kikarefuka mpaka msimamizi akaanza kuzisogeza nyaya. Kisha sauti ikacheka. "Mama, usisahau nani alimkimbiza nani. Babu zangu waliukuta ugali wenu jikoni bado unafuka moshi, wenyewe hamuonekani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa furaha, nikidhani yamekwisha. Mama hakucheka.

"Utani huo kila Mngoni anaujua," akaninong'oneza. "Wanaweza kuutia kwenye kanda. Mbona kakawia hivyo kujibu?"

Msimamizi alieleza kwamba sauti inachelewa njiani. Mama akamtazama kama anavyomtazama mnunuzi wa korosho mwenye mizani yake mwenyewe.

Mwalimu akahamia kwa wanafunzi. Zamu yangu ilipofika akauliza mmea unatengenezea chakula chake wapi. Hilo nililijua tangu darasani, na tangu nilipofukuzwa hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza kitu. Nilitaka ajue kwamba bado nina akili. Nikafungua mdomo, mama akanibana mkono.

"Kosea," akasema.

Nilimchukia wakati ule, na sioni haya kusema. Kama yule ni mtu kweli, angenihesabu mjinga mbele ya ukumbi mzima. Kama si mtu, basi nilikuwa nimesafiri bure. Lakini bila mama hakukuwa na masomo ya namna yoyote.

"Kwenye mizizi," nikasema.

Wakulima walionizunguka wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Kwenye kioo mkono ukabaki juu, mdomo wazi. Mama alisimama akiwa ameegemeza sikio upande wa spika, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Nafikiri alikuwa akilitamka kabla halijaja lile vizuri sana.

"Hapana, binti," sauti ikasema. "Umekosea. Na wazee hapo nao wasikudanganye, maana nasikia wanaguna. Fikiri tena."

Mama akaketi. Akafungua khanga kiunoni, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo ntoto," akasema. "Sasa njibu mwalimu sawasawa."